Nafasi ya Kujibu

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana shahada ya kompyuta na kichwa kigumu, na kati ya hivyo viwili anachokitumia kila siku ni kichwa kigumu. Mtaani wanamwita Mwaga, kwa sababu ya ukurasa wake wa mtandaoni. Mtu akimpelekea nyaraka za siri, yeye hachuji, hapunguzi, haulizi. Anazimwaga zote kama zilivyo, saa ile ile zilipomfikia, kisha anaenda kunywa chai. Hajawahi kuandika juu yake hata sentensi moja.

"Mimi si mpishi, shemeji," huniambia. "Mimi nafungua mlango wa stoo tu. Watu waingie, wajionee."

Na mimi ni mhariri wa gazeti. Nimezeeka kwenye dawati la habari nikifuta, nikikata, nikiwauliza vijana wenye haraka "nani kasema?" na "mwenzake umemuuliza?" Kwa hiyo mtaelewa kwa nini, tukikutana kwa mama mkwe siku za Jumapili, mume wangu hukaa katikati yetu kama ukuta.

Mwaka jana Mwaga alimwaga faili la malalamiko ya wateja wa mamlaka ya maji. Ndani yake kulikuwa na jambo zito kweli: watu walikuwa wakitozwa maji ambayo hawakuyaona hata tone. Lakini ndani yake kulikuwa pia na jina na namba ya simu ya kila aliyelalamika, na mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu, mama yake mzazi huyo Mwaga. Wiki nzima mama alipigiwa simu na wauza viwanja, waganga wa kila aina, na mwanamume mmoja aliyetaka kumwoa bila kumwona.

"Mwanangu wa kumzaa amenipiga mnada," mama mkwe alilalamika.

"Lakini mama," Mwaga akamjibu, "si bili yako wameirekebisha?"

Wameirekebisha, ndiyo. Hilo ndilo linalonichosha kuhusu Mwaga. Mtu akikosea tu, unamgombeza, yanaisha. Yeye anakosea na kupatia kwa mkono ule ule, ukitaka kumgombeza hujui uanzie wapi.

Basi mwaka huu yakamfikia majibu ya maabara. Maji ya mitaa kadhaa yalikuwa na madini ya risasi, yale yanayoharibu ubongo wa watoto, na wakubwa wa mamlaka ya maji walijua na wakanyamaza. Mwaga akamwaga. Mji ukachemka. Siku chache baadaye malori ya maji safi yakaanza kupita mitaani na watu wakapanga ndoo. Na mamlaka, badala ya kuomba radhi, ikaenda mahakamani kudai jambo moja tu: Mwaga amtaje aliyempa karatasi.

Sheria yetu inasema mwandishi wa habari halazimishwi kumtaja mtu aliyempa habari. Wakili wa mamlaka alisimama, akarekebisha tai yake na kusema sheria hiyo haimhusu huyu bwana. "Mheshimiwa, huyu si mwandishi. Hajawahi kuandika. Bomba likipasuka barabarani hatuliiti mwandishi."

Hakimu, mama mmoja mtulivu mwenye macho ya usingizi ambayo hayalali, akamgeukia Mwaga. "Wewe ni mwandishi wa habari?"

Swali la kujibiwa kwa neno moja. Neno la herufi tano. Mtoto wa chekechea angelijibu.

"Hapana, mheshimiwa," akasema Mwaga. "Waandishi waoga."

Watu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi nilitamani ipasuke immeze yeye. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na kitambulisho changu shingoni, na waandishi wenzangu wakanigeukia wote kwa pamoja kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Hakimu hakukasirika. Alisema haki haiwezi kusimama juu ya majivuno ya mtu mmoja, akaahirisha shauri. Siku ya kurudi, Mwaga awe na kadi kutoka baraza la waandishi. Akiikosa, atakabidhi simu na kompyuta yake kwa wataalamu wa mahakama, na akikaidi atakaa mahabusu huku vikifunguliwa. Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Ningekuwa najua kwamba watamfunga tu, nisingejali sana, maana Mwaga angekaa jela miaka bila kusema neno, kwa ubishi peke yake. Lakini simu haina ubishi. Ukiifungua inasema kila kitu.

Nilimkamatia kwenye ngazi za mahakama, nikamvuta shati.

"Una akili wewe?"

"Nimesema ukweli, shemeji."

"Ukweli! Kuna mtu huko mamlaka ambaye usiku huu hatalala kwa sababu ya huo ukweli wako. Umemfikiria?"

Akatazama huku na huku, halafu akasema chini chini, "Ni mwanamke. Anafanya kazi maabara. Ana mtoto bado ananyonya. Zaidi ya hapo usiniulize, hata ukinichoma moto."

"Basi utakuwa mwandishi," nikamwambia. "Upende usipende."

Sasa mnisikilize vizuri, maana watu wengi wananielewa vibaya. Mimi siamini kwamba Mwaga anastahili jina langu. Jina hili nimelitolea jasho. Nimelala kwenye korido za polisi nikisubiri kauli ya mtu ambaye nilijua ananidanganya, ili tu nisije nikachapisha upande mmoja. Halafu aje mtu anayebonyeza kitufe kimoja na kwenda kunywa chai, naye aitwe mwandishi? La hasha. Lakini yule mwanamke wa maabara hakujali cheo cha mtu aliyempa karatasi. Alijali watoto wanaokunywa yale maji. Sasa anyongwe kwa sababu alichagua mlango wa stoo badala ya gazeti?

Hayo ndiyo niliyoyasema mbele ya kamati ya baraza inayotoa kadi. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo, ila kwa sababu ya ushemeji nilitoka kwenye kiti cha mjumbe, nikakaa upande wa mwombaji. Chumba ni kile kile tunachokitumia kila mwezi, chenye kiyoyozi kinachotoa maji kwenye beseni, na siku ile hata sauti ya matone ilinikera.

Mwenyekiti wetu ni mzee aliyesoma habari redioni ujana wake wote, na hadi leo akiagiza chai utadhani anatangaza msiba wa taifa. "Nauliza," akasema, "huyu kijana anafanya kazi gani ambayo sanduku la posta haliifanyi?"

Mpiga picha, mjumbe mwenzetu, akacheka. "Mwenyekiti, mimi nami nabonyeza tu. Mbona mlinipa kadi?"

"Wewe unachagua pa kusimama."

"Na yeye anachagua pa kukaa. Mahabusu au nyumbani."

"Tusifanye mzaha," mwenyekiti akanguruma. "Leo tukimpa huyu, kesho kila mwenye simu atakuwa mwandishi. Atatoa picha za jirani yake anaoga, tukimuuliza atasema ana kadi. Kinga ikiwa ya wote, serikali itasema basi iwe ya hakuna."

Na hapo alikuwa na hoja, hilo lazima niseme. Nilimkumbuka mama mkwe na mchumba wake wa kwenye simu. Lakini nilijibu, "Mwenyekiti, hii kinga hatukupewa sisi kwa sababu ni wazuri wa sura. Ni ya mtu anayetuletea jambo. Sisi ni blanketi tu. Anayeumwa na baridi ni yule aliye chini yake."

"Na blanketi lenye matundu?"

"Tulishone, mzee."

Basi nikatoa wazo. Wazo lilikuwa langu, mtu asije akaisingizia kamati. Nikasema: tumpe Mwaga mtihani. Alete habari moja tu aliyoiandika mwenyewe, kwa maneno yake, isiyoweka namba ya simu ya mtu asiyehusika, na ambayo anayelaumiwa amepewa nafasi ya kujibu kabla haijatoka. Akiweza, ni mwandishi. Akishindwa, hatutadaiwa. Mwenyekiti akakuna kidevu, akakubali. Mpiga picha akanipa mkono. Nilitoka mle ndani nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kilichobaki kilikuwa kumfundisha. Mungu ndiye shahidi yangu, nimefundisha vijana walioandika "marehemu alisema jana," lakini sijawahi kuona mwanafunzi kama yule.

Tulikaa kwenye meza yangu ya kulia, mimi, yeye na mama mkwe, ambaye alikuja na ufumaji wake na hakuwa na mpango wa kuondoka. Mwaga akafungua kompyuta yake. Asubuhi ile ile yule mwanamke alikuwa amempelekea kitu kipya: picha za ripoti ya ndani. Vichujio vya kuondoa yale madini vilikuwa vimeshanunuliwa. Vilikuwa vimelala stoo ya mamlaka tangu mwaka jana, kwenye maboksi, huku watu wakinywa sumu.

"Hii naitoa sasa hivi," Mwaga akasema, kidole tayari kwenye kitufe.

Nikafunga kompyuta juu ya vidole vyake.

"Hii ndiyo habari yako ya mtihani. Andika."

Alikaa nusu saa akitazama ukurasa mtupu. Kisha akaandika: *Tazama picha hapo chini.*

"Hiyo ni habari?"

"Kila kitu kimo kwenye picha."

"Mwaga! Ni kurasa nyingi za kitaalamu. Fundi wa maji ndiye atazielewa."

"Basi mafundi wa maji wazisome."

Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye uzi. "Mwanangu, mwandikie kama unavyomweleza mtu aliyeshika glasi mkononi. Hajanywa bado. Unamwambiaje?"

Akamtazama mama yake. Akaanza kuandika, akafuta, akaandika tena, akanuna, akaomba chai, akanyimwa. Nilimkata neno "mafisadi" mara nne na mara nne akalirudisha. Tulibishana kuhusu neno "imedaiwa" mpaka mume wangu akachukua redio yake akahamia uani. Lakini mwisho wa yote akanisogezea kompyuta, na nilipoisoma ile aya ya kwanza nilikasirika upya, kwa sababu ilikuwa nzuri. Fupi, safi, haina neno la kutupa. Mtu ana kipaji namna hii na ameamua kuwa mlango wa stoo!

"Sasa pigia mamlaka simu," nikasema.

"Ya nini?"

"Wajibu. Unawasomea ulichonacho, unawapa muda, unaandika watakachosema."

"Shemeji, sijawahi kumpigia mwizi simu kumwambia naja."

"Wewe si polisi. Na huenda wana maelezo. Huenda vile vichujio ni vibovu, au vilikosa fundi. Utajuaje kama hujauliza?"

"Hapana." Akasukuma kiti nyuma. "Kuandika nimeandika. Namba za simu nimefuta. Hili siwezi. Mimi huwa natoa saa ile ile, na nina sababu yangu."

"Sababu yako ni ubishi."

"Nina sababu."

"Huna sababu, una kichwa kigumu! Umekaa hapo siku zote unatuita waoga, sasa nani anaogopa simu?"

Mume wangu akachungulia dirishani kuona kama tunapigana. Mwaga alikuwa ameshika kingo za meza, na midomo yake ilikuwa inatafuta neno. Mimi sikumpa nafasi ya kulipata. Nilikuwa nimechoka naye. Niliona siku ya mahakama, niliona zile simu zinafunguliwa, na mbele yangu kulikuwa na mtu anayekataa kamba ya kumwokoa kwa sababu haipendi rangi yake.

Aliyemmaliza alikuwa mama yake. Aliweka ufumaji chini. "Piga, baba. Mimi nataka ulale nyumbani."

Akapiga. Aliweka sauti ya nje ili nisikie. Msemaji wa mamlaka alipokea simu ilipolia mara ya pili tu, sauti laini kama mafuta ya nazi. Mwaga akajitambulisha, akamsomea: ripoti ya vichujio, tarehe yake, kilichosemwa. Alisoma vizuri, bila matusi. Nilimwonyesha dole gumba.

"Tunashukuru sana kwa kutupa nafasi," akasema msemaji. "Si kawaida yako, ndugu. Tupe siku mbili tufuatilie, tutakujibu kwa maandishi."

"Siku mbili," nikanong'ona, nikitikisa kichwa kwamba akubali.

"Sawa," akasema Mwaga. Alikata simu, akaondoka bila kuaga, na chai niliyokuwa nimemwekea hatimaye ikapoa mezani.

Jioni ile alinipigia. "Ameniandikia."

"Nani?"

"Yule wa maabara. Anauliza mbona haijatoka."

"Mwambie itatoka kesho kutwa."

"Siwezi kumjibu. Tulikubaliana mimi simwandikii kamwe, maana simu yake anaiacha mezani kazini, wenzake wanaiona. Yeye ndiye huniandikia, halafu anafuta."

"Basi atasubiri. Kusubiri hakuui mtu."

Nilisema hivyo. Nilikuwa nakaanga kitu jikoni, simu nimeibana kwa bega.

Jibu la mamlaka lilikuja siku ya pili mchana, karatasi nzuri yenye nembo: mamlaka inachukulia suala hilo kwa uzito, inafuatilia, inawaomba wateja wawe na subira. Mwaga akaliweka lote mwishoni mwa habari yake na akaichapisha. Sisi tukaichukua gazetini, ukurasa wa pili, na jina lake juu yake. Kesho yake vichujio vikaanza kutolewa kwenye maboksi mbele ya wapiga picha. Kamati ikakaa, mwenyekiti akaisoma ile habari kwa sauti yake ya msiba, mwanzo hadi mwisho, akavua miwani na kusema, "Huyu ni mwandishi." Kadi ikatoka. Kwenye picha Mwaga alikuwa na sura ya mtu anayetafutwa na polisi, na nilicheka peke yangu kwenye lifti.

Nilikuwa bado na kicheko hicho alipoingia ofisini kwangu. Hakugonga. Chumba cha habari kizima kilimwona akipita kati ya madawati, na hakumsalimu mtu, yeye ambaye hawezi kupita mahali bila kuchokoza mtu.

"Wamemkamata," akasema.

Sikuuliza nani. Nilifunga mlango.

"Kaa."

"Sikai. Unajua hii ripoti walikuwa nayo watu wangapi? Watatu. Bosi, mkuu wa manunuzi, na yeye, kwa sababu alipewa akague hesabu zake za maabara. Watatu tu, shemeji. Tulipowapigia, waliita hao watatu na kompyuta zao. Zile picha alikuwa bado nazo."

"Kwa nini hakuzifuta?"

"Hafuti mpaka aone zimetoka. Picha nyingine hazisomeki, inabidi atume upya. Ndiyo utaratibu wetu. Natoa saa ile ile, yeye akiona zimetoka anafuta. Na ikitoka tu, ofisi nzima inaifungua, kila kompyuta, kila simu, makatibu wanachapa, madereva wanatumiana. Ukija kutafuta ilianzia wapi, imeshakuwa kwa watu wote. Mara ya kwanza walitafuta mpaka wakachoka. Ndiyo maana wakaenda mahakamani." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sitoi saa ile ile kwa sababu nina haraka."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia nina sababu."

"Hukuniambia ni ipi!"

"Hukuuliza."

Mimi, ambaye nalipwa mshahara wa kuuliza kwa nini. Mimi, niliyewafukuza vijana kazini kwa kuchapisha upande mmoja. Nilimhangaikia msemaji wa mamlaka apewe siku mbili za kujieleza, na mtu niliyekuwa nimekaa naye meza moja sikumpa dakika mbili. Nilitaka kumwambia Mwaga pole, likatoka kama hasira. Nikamwambia angepaza sauti. Nikamwambia siku zote anapiga kelele kwa mambo ya kipuuzi, na siku ya jambo la maana ananung'unika kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka.

Siku ya mahakama ilifika. Mwaga alivaa koti la kaka yake. Mwenyekiti wetu alikuja mwenyewe, na mpiga picha, na waandishi wengi kuliko benchi, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba leo itajulikana kama anayemwaga nyaraka ni mwandishi au si mwandishi.

Hakimu aliishika ile kadi, akaigeuza, akasoma na ile habari ya vichujio. Halafu akatoa uamuzi wake, na ulikuwa uamuzi mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Alisema sheria haiangalii mtu anaandika wapi wala kwa urefu gani, inaangalia kama anafanya kazi ya kuwajulisha watu mambo yanayowahusu, kwa uangalifu. Alisema bwana huyu ameonyesha uangalifu. Kwa hiyo ana kinga sawa na mwandishi mwingine yeyote, na hatalazimishwa kumtaja mtu, wala kutoa simu yake.

Mwenyekiti alinishika mkono kwa nguvu. Nyuma watu walianza kupiga makofi, wakanyamazishwa.

Wakili wa mamlaka akasimama. Hakuonekana mtu aliyeshindwa. Akarekebisha tai. "Mheshimiwa, tunapokea uamuzi wa mahakama. Ila kwa kumbukumbu tu, mteja wangu alikuwa ameshaandika barua ya kuondoa ombi hili. Jina hatulihitaji tena."

Akakusanya mafaili yake, akatoka.

Nje kwenye korido mwenyekiti alitaka tupige picha ya pamoja. Aliniambia tumeandika historia, kwamba kuanzia leo kila mtu wa aina ya Mwaga ana pa kusimama, na nadhani ni kweli, na nadhani itawafaa wengi. Nilimwambia anisamehe kidogo. Nilikuwa namwona Mwaga akielekea chumba cha pili, mlango wa mwisho, ambako asubuhi ile ile walikuwa wamepanga kumsomea mashtaka mfanyakazi wa maabara.

Askari wa mlangoni alimzuia kwa mkono. "Kumejaa. Wewe ni ndugu?"

"Hapana."

"Basi huwezi kuingia. Ni ndugu na waandishi tu."

Mwaga alisimama pale. Nilidhani atabishana, na ingekuwa mara ya kwanza maishani mwangu kufurahi kumsikia akibishana. Lakini aliingiza mkono ndani ya koti la mume wangu, akatoa ile kadi, akaionyesha. Askari akampisha. "Waandishi mnakaa kule, mbele."

Mlango ulibaki wazi kidogo, nikaona. Mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, kitambaa kichwani, viatu vya kazini bado miguuni. Alipanda kizimbani akitafuta kwa macho watu wake. Macho yake yakapita kwenye benchi la waandishi, yakarudi, yakakaa kwa Mwaga, kati ya watu wenye kalamu na vinasa sauti. Mwaga hakuinamisha kichwa. Alimtazama tu, na mikono yake yote miwili alikuwa ameiweka mapajani, wazi, haina kitu. Kisha askari akafunga mlango.

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa kijana mmoja wa kiume na mtoto mchanga begani. Mtoto alikuwa analia kilio kile cha njaa ambacho hakibembelezeki, na yule baba alikuwa anampa chupa na mtoto anaitema, anampa, anaitema. Nilikaa pembeni yake. Sikujua mahali pengine pa kukaa.

"Hajazoea chupa," akaniambia, kana kwamba ananiomba radhi. "Mama yake wanamtoa sasa hivi, eti?"

"Sijui, mwanangu."

Akanitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni. "Wewe ni mwandishi. Hebu niambie, wamemjuaje? Mke wangu ni mtu mwangalifu sana. Kila siku napiga mahesabu ya hiki kitu na sipati jibu. Wamemjuaje?"

Ningeweza kusema sijui. Waandishi tunaruhusiwa kutokusema; hakimu alikuwa ametoka kutuambia hivyo chumba cha kwanza.

"Kwa simu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemlazimisha mtu apige."

Aliacha kumtikisa mtoto. "Simu gani, mama?"

Nikamwomba anipe mtoto nimshike, akanikatalia, na nikaanza kumweleza.